Bagamoyo kwa Kamera Mbili

Katika nyumba nyingi siku hizi huja jioni ambapo kijana, baada ya chakula, humwambia baba yake, "Baba, nataka kamera." Wala hataki ya mchezo. Ameona kwamba hakuna arusi isiyopigwa picha, wala ubatizo, wala Komunyo ya kwanza, wala mazishi, na kwamba mpiga picha hutoka mjini, akarudi mjini na fedha ya kijiji. Baba husikiliza, huuliza bei, na akisha kuisikia hutazama zizi lake.

Basi kabla ng'ombe hajatoka zizini, twende wote Bagamoyo. Ni kama kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam, barabara nzuri, na katika siku moja mji ule utakuonyesha karibu kila kitu kinachoisumbua kamera: jua litokalo baharini, chumvi, mchanga, kuta nyeupe, kanisa lenye giza, na mwendo wa miguu. Nimechukua kamera mbili za kampuni moja, Canon, ili tusilinganishe mbuzi na bata. Ya kwanza ni 6D Mark II, iliyotoka mwaka 2017, nayo ina kioo. Ya pili ni EOS RP, ya mwaka 2019, haina kioo. Zote mbili zina megapikseli 26.2, na picha zake ukizitandaza mezani hutajua ipi ni ya ipi. Kumbuka hilo, maana wauzaji hawatakuambia.

Kioo chenyewe ni nini? Ndani ya kamera ya kwanza, nyuma ya lenzi, kuna kioo kidogo kilichoinama. Nuru huingia kwa lenzi, hupiga kile kioo, hupanda juu, na kufika kwenye kitundu unachochungulia. Unaona ulimwengu wenyewe, kama kwa dirisha. Ukibonyeza, kioo huruka juu, pazia hufunguka, na nuru huifikia sensa, yaani kile kibamba kilichoshika mahali pa filamu ya zamani. Ndiyo ile sauti ya "klak" unayoisikia. Katika kamera ya pili kioo kimeondolewa. Nuru hufika kwenye sensa moja kwa moja, na katika kitundu unatazama televisheni ndogo. Mengine yote tutakayoyaona leo yametoka katika tofauti hiyo moja.

Tulale mjini, tuamke saa kumi na moja ya alfajiri, maana Bagamoyo yatazama mashariki, na jua huchomoza baharini. Maji yakiwa yamekupwa, ngalawa na mashua hulala ubavu juu ya mchanga, na watu huenda mbali sana kwa miguu kabla maji hayajawafika magotini. Baadaye samaki hupandishwa sokoni na mnada huanza. Omba ruhusa kabla hujamlenga mtu. Mvuvi aliyekesha baharini hakuja pale kuwa pambo la picha yako.

Hapa ndipo penye onyo la kwanza. Jua likisha kupanda, usilielekee kwa kamera yenye kioo huku jicho lako likiwa kwenye kitundu, kwa sababu nuru ile hufika kwenye jicho lenyewe. Katika kamera isiyo na kioo jicho lako li salama, lakini sensa ndiyo inayokaa mbele ya lenzi wakati wote, nayo huweza kuungua. Usiiache mezani bila kifuniko, lenzi imelielekea jua, kama vile usivyoweza kuacha miwani ya babu juu ya majani makavu.

Onyo la pili ni mchanga. Upepo wa pwani una vumbi na chumvi usivyoviona. Ukiitoa lenzi ya RP pale ufukweni, utaiona sensa yake iko wazi, inang'aa kama jicho la samaki, na chembe yoyote itakayotua juu yake itaonekana kama doa katika kila picha hadi utakapoisafisha. Kampuni hiyo hiyo, katika EOS R ya mwaka 2018, iliweka pazia linalofunga kamera ikizimwa. RP haifanyi hivyo. Katika ile 6D Mark II, kioo na pazia hukaa mbele kama mlango na kizuizi chake. Vumbi litaingia hata hivyo, ila halifiki upesi. Kwa hiyo, kamera yoyote ile, ingia chumbani au garini, zima, elekeza mdomo wa kamera chini, badili lenzi, funga. Usipulize kwa kinywa, maana mate yataruka. Tumia pampu ndogo ya mpira. Na kidole chako kisiguse kioo wala sensa kamwe.

Jua likiwa limepanda, twende katika mitaa ya Mji Mkongwe. Kuta ni nyeupe za kuumiza macho, na milango ya kuchongwa imekaa kivulini. Nyekundu za maua, nakshi za mbao, kizee aliyeketi barazani: mwanga na giza vimesimama bega kwa bega. Hapa kamera isiyo na kioo inashinda, nakiri bila ubishi. Televisheni ile ndogo inakuonyesha picha itakavyokuwa kabla hujabonyeza. Mlango ukiwa mweusi mno, unauona mweusi, unazungusha gurudumu, unakubali. Kwa kamera ya kioo unaona mlango kama jicho lionavyo, unapiga, ndipo unapotazama nyuma na kusema, "Ala!" Kwa anayejifunza, ile ya pili ni mwalimu mpole. Lakini wako mafundi wa zamani wasemao kwamba yule aliyejifunza kwa kukosea hujua nuru zaidi, nami siwakatai.

Sasa sikiliza jambo linalowapata wengi. Ziko kamera zisizo na kioo ambazo hazina hata kitundu cha kuchungulia, bali kioo cha nyuma tu kama simu. Canon EOS M200, ya mwaka 2019, ni mojawapo. Dukani, chini ya taa, ni nzuri. Saa sita mchana katika mtaa wa Bagamoyo, au uwanjani kwako siku ya arusi, utaona humo uso wako mwenyewe na mawingu. Tena familia ile ya M, iliyoanza mwaka 2012, imeachwa na watengenezaji wake, na lenzi zake haziingii kwenye RP wala kwenye 6D. Ukiuziwa kwa bei ya kutupa, jiulize kwa nini yatupwa.

Tugeuke kaskazini kidogo, tufike kwenye Misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianza mwaka 1868, na wakimbizi wa minyororo ya utumwa walipata pale kijiji cha kuishi. Mnara wa kanisa la kwanza ungalipo. Huko ndiko ulikolazwa mwili wa Livingstone mwezi wa Februari, mwaka 1874, baada ya Chuma na Susi na wenzao kuubeba kwa miguu tangu Chitambo, nchi iitwayo leo Zambia. Ukiyakumbuka hayo utaona haya kulalamika juu ya uzito wa kamera shingoni.

Lakini uzito upo, na tuupime. 6D Mark II ina gramu 765 pamoja na betri. RP ina gramu 485. Tofauti ni gramu 280, na hiyo ndiyo habari inayopigiwa ngoma katika matangazo. Ngoja kwanza. Kwa RP nimetumia lenzi ya zamani ya milimita 50, ileile ya kamera ya kioo, kwa kuiunganisha na pete inayoitwa adapta. Pete ina gramu 110. Lenzi ina gramu 160 kokote iendako. Jumla, ya kioo gramu 925, isiyo na kioo gramu 755. Tofauti imekuwa 170. Ukitia lenzi kubwa ya kuvuta wanyama wa mbali, hutaiona tofauti tena. Shingo itauma kwa zote mbili.

Pete ile yafaa tuitazame vizuri, kwa kuwa ndiyo yenye ushauri mkubwa kuliko kamera zenyewe. Katika kamera ya kioo, lenzi ilibidi ikae milimita 44 mbele ya sensa, ili kioo kipate nafasi ya kuruka. Kioo kilipoondolewa, lenzi ilisogezwa hadi milimita 20. Pete ni bomba tupu la kujaza zile 24 zilizobaki, pamoja na vituo vya shaba vya kupitisha umeme. Haina kioo ndani, haiharibu picha. Kwa hiyo lenzi ya kamera ya kale, aina ya EF, iliyotengenezwa tangu mwaka 1987, huingia kwenye kamera mpya. Lakini lenzi mpya, aina ya RF, haiwezi kurudi kwenye kamera ya kioo. Barabara ni ya kwenda tu. Na kwa sababu wapiga picha wengi wa mjini wamehama, lenzi za EF zimejaa kwa wauzaji wa mitumba. Mwenye fedha kidogo anayenunua lenzi njema ya EF leo hajapoteza chochote. Siku atakapopata kamera mpya, ataihamisha.

Ingia sasa katika kanisa kubwa, lililojengwa tangu 1910 hadi 1914. Toka katika jua la mchana, utasimama mlangoni kitambo usione kitu. Kamera nayo hali yake ni hiyo. Lenzi nyingi ziuzwazo pamoja na kamera, zikivutwa mbele, hufika tundu la 5.6. Ile ya milimita 50 hufika 1.8, na namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa: huingiza nuru karibu mara 10 zaidi. Hilo ndilo linaloamua kama uso wa bibi arusi utaonekana au utakuwa ukungu, wala si kioo kuwepo au kutokuwepo. Laiti ningekuwa na mamlaka ningewakataza vijana kununua kamera kabla hawajanunua lenzi hiyo.

Halafu kuna sauti. Piga 6D Mark II wakati wa Mageuzo, nusu ya waumini watageuka. Inayo njia ya kupiga polepole, sauti ikapungua, lakini kioo ni kioo. RP inaweza kunyamaza kabisa. Ila jihadhari: katika hali ya kimya sensa husoma picha mstari kwa mstari, na chini ya taa za umeme za tyubu unaweza kupata michirizi ya giza katika picha nzima. Ijaribu kanisani kwako siku ya Jumamosi, kanisa likiwa tupu.

Jambo la betri nimelichelewesha makusudi, kwa kuwa kijijini ndilo linaloweza kuvunja heshima ya mtu. Televisheni ndogo hula umeme kila unapochungulia, hata usipopiga. Kwa kipimo cha watengenezaji, betri moja ya 6D Mark II hupiga picha 1,200 kwa kitundu chake. Ya RP hupiga 250. Kwa kweli mtu hupata zaidi ya kipimo, lakini uwiano hubaki ule ule. Arusi huanza nyumbani kwa bibi arusi saa kumi na mbili za asubuhi na kwisha usiku. Mwenye RP awe na betri tatu au nne. Ama yule anayetegemea umeme wa jua juu ya bati, ajue kwamba RP hukubali kuchajiwa kwa waya wa USB wenye nguvu ya kutosha, ambapo ile nyingine hutaka chaja yake.

Jioni tulivu twende Kaole, kama kilometa tano kusini, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya nguzo, yaliyoanza karne ya 13. Kaa pale mpaka jua lilegee. Mawe ya matumbawe hushika rangi ya asali, na kwa nusu saa hivi kila kamera hupiga vizuri. Nami nikiwa pale, ukiniuliza mkono wako uende wapi, nitasema hivi: kijana anayeanza, mwenye fedha ya ng'ombe mmoja, atwae kamera ya kioo iliyotumika, na lenzi ya 50. Canon na Nikon hazijatoa kamera mpya ya kioo tangu mwaka 2020, lakini zilizopo hazitakufa kesho. Yule ambaye tayari anaitwa kila Jumamosi, na ambaye kanisa limechoka na kelele zake, ahamie ile isiyo na kioo, na lenzi zake azichukue.

Kabla hujalipa kamera iliyotumika, lenzi itazame ukiielekeza kwenye mwanga: ukiona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui ndani yake, ni kuvu, iache. Piga picha moja ya mbingu kwa tundu la 16, uikuze, uhesabu madoa. Uliza imeshapiga picha ngapi, kwa kuwa pazia huchakaa, na nyingi za daraja la kati zimepimwa kwa maelfu 100 hadi 200. Kisha ukirudi nyumbani kutoka pwani, ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kisha kikavu, uiweke katika sanduku la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Mfuko wa ngozi uachie kazi ya kubebea tu, kwa sababu kuvu hupenda ngozi kuliko kitu chochote.