Kwa Nini Watu wa NC State Hawachoki Kusimulia 1983

Niseme hoja yangu mapema ndiyo tusipotezeane muda: timu ambayo watu wanaipenda zaidi huwa si ile iliyokuwa bora zaidi. Ni ile iliyowatesa njiani.

Mfano wangu ni timu ya chuo kikuu cha North Carolina State, au NC State kama wanavyoiita wenyewe, iliyochukua ubingwa wa mpira wa vikapu wa vyuo Marekani mwaka wa 1983. Najua mtauliza, wewe wa Nairobi na North Carolina mnajuana wapi? Ngojeni nitafika hapo.

Kwanza mjue kitu kimoja. Chuo hicho kina mataji mawili ya taifa. La kwanza ni la 1974, na ile timu ilikuwa balaa. Ilishindwa mechi moja tu msimu mzima, na njiani ikaitoa UCLA waliokuwa wamechukua ubingwa miaka saba mfululizo. Mwaka mmoja kabla ya hapo ilikuwa haijashindwa kabisa. Ukipima kwa hesabu, 1974 ndiyo bora, na hakuna ubishi. Lakini keti na shabiki wa NC State, mwambie akupe hadithi moja tu. Wengi watakupeleka 1983, na hapo utafute kiti, kwa sababu hutatoka leo.

Msimu huo ulikuwa hivi. Kocha alikuwa Jim Valvano, mtu wa New York, mcheshi, mwenye mdomo usiotulia. Alikuwa na wanafunzi watatu wa mwaka wa mwisho aliowategemea: Sidney Lowe, Dereck Whittenburg na Thurl Bailey. Lowe na Whittenburg walikuwa wamecheza pamoja tangu sekondari. Mwezi wa Januari Whittenburg akavunjika mfupa wa wayo, na watu wakasema basi, msimu umeisha. Akarudi kabla ya mwisho, lakini rekodi ilikuwa imeshaharibika. Walifika mwisho wa msimu wa kawaida wakiwa wameshinda 17 na kupoteza 10. Rekodi ya aina hiyo haikupi uhakika wa kuitwa kwenye mashindano ya taifa. Njia waliyobaki nayo ilikuwa kushinda kombe la kanda yao, ACC.

Na kanda yenyewe ilikuwa na nani? North Carolina walikuwa na kijana anaitwa Michael Jordan. Virginia walikuwa na Ralph Sampson, jitu la futi saba na zaidi. Wakawapiga wote wawili, kombe likaja Raleigh.

Hapo ndipo mateso yalianza rasmi. Mechi ya kwanza ya taifa, dhidi ya Pepperdine, walikuwa nyuma kwa pointi sita dakika za nyongeza zikiyoyoma. Yaani watu walikuwa wameanza kuvaa makoti waende nyumbani. Pepperdine wakakosa mitupo huru, NC State wakasawazisha, wakashinda 69-67 katika awamu ya pili ya nyongeza. Iliyofuata, UNLV, 71-70. Utah ndio pekee waliopigwa bila presha, 75-56. Kisha Virginia na Sampson wao tena, 63-62, kwa mitupo huru miwili ya Lorenzo Charles, kijana wa mwaka wa pili. Nusu fainali wakaitoa Georgia 67-60.

Fainali ilikuwa tarehe 4 Aprili, 1983, mjini Albuquerque. Upande wa pili walikuwa Houston. Maze, Houston! Walikuwa wameshinda mechi 26 mfululizo. Walikuwa na Clyde Drexler, na katikati alisimama Mwafrika mwenzetu, Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Timu hiyo ilikuwa imezoea kuruka juu na kusokomeza mpira kikapuni kwa fujo mpaka ikapewa jina la utani kama la chama cha wanafunzi, Phi Slama Jama. Hakuna mtu mwenye akili timamu aliyeweka pesa yake kwa NC State.

Wakati huo mashindano ya taifa hayakuwa na sheria ya kukulazimisha urushe mpira ndani ya sekunde kadhaa. Unaweza kuushika mpaka mwenzako achoke. NC State wakaongoza 33-25 mapumziko. Houston wakarudi kama moto wa kichaka, wakawapita, 42-35. Halafu kocha wao, Guy Lewis, akaamua wapunguze mwendo. Valvano naye akawaamuru vijana wake wawachezee rafu kwa makusudi, ili Houston waende kwenye mstari wa mitupo huru, mahali walipokuwa dhaifu. Ikawa 52-52. Houston wakakosa mtupo mwingine. NC State wakashika mpira wa mwisho.

Mpango ukaharibika kabisa. Mpira karibu upotee. Whittenburg akauokota mbali, akageuka, akarusha tu kwa sababu saa ilikuwa inaisha. Mpira ukawa mfupi, hata ukingo wa kikapu haukugusa. Lorenzo Charles, aliyekuwa chini ya kikapu, akaudaka hewani akausokomeza ndani. 54-52. Mchezo umeisha.

Kilichofuata labda umewahi kukiona hata kama hujui ni nini: mwanaume wa suti anakimbia uwanjani kama aliyepoteza mtoto sokoni, anatafuta mtu wa kukumbatia. Huyo ndiye Valvano. Baadaye alisimulia kwamba alikuwa akimtafuta Whittenburg, aliyezoea kumkumbatia kila wakishinda, kumbe Whittenburg alikuwa tayari amekumbatiwa na mwingine.

Tunu ya mchezaji bora wa mashindano ilienda kwa Olajuwon, aliyeshindwa. Hata waamuzi wa tuzo walijua nani alikuwa mchezaji mkubwa zaidi pale. Na kwangu hilo halipunguzi utamu. Ndilo linaufanya ushindi uwe wa kusimuliwa.

Sasa nije kwa jinsi nilivyojuana nao. Mwaka wa 2024 NC State walimaliza msimu na ushindi 17, wameshindwa mara 14, na mechi nne za mwisho walikuwa wamepoteza mfululizo. Wakaenda kwenye kombe la ACC, wakashinda mechi tano ndani ya siku tano, wakachukua kombe. Halafu wakaendelea mpaka nusu fainali ya taifa, mara ya kwanza tangu 1983, wakiongozwa na DJ Burns, jamaa mkubwa wa mkono wa kushoto anayecheza huku anacheka. Nilikesha kuwatazama, saa saba usiku huku kwetu. Purdue wakawatoa 63-50.

Nilichokumbuka zaidi hakikuwa mechi. Ni watangazaji na mashabiki. Kila kikapu kilirudishwa 1983. Walionyeshwa wazee wenye jezi nyekundu zilizopauka, na kando yao vijana wa rika langu, waliozaliwa miaka ishirini baada ya ile fainali, wakitaja Whittenburg na Charles kama mtu anavyotaja wajomba zake. Nikajiuliza, hii kitu imewashika namna gani?

Nikaenda kutafuta. Na nilichopata ndicho kilichonifanya niandike.

Timu ya chuo imeumbwa ili ivunjike. Arsenal inaweza kumbakisha mchezaji wake miaka kumi. Chuo hakiwezi. Lowe, Whittenburg na Bailey walishinda wakiwa mwaka wa mwisho, na baada ya fainali hakukuwa na msimu mwingine pamoja. Kile kikosi kilikuwepo, kikashinda, kikaisha. Shabiki hana cha kungoja. Ana kukumbuka tu.

Na mwisho wa hadithi yenyewe si wa sinema. Mwaka wa 1989 chuo kiliadhibiwa kwa sababu wachezaji walikuwa wameuza viatu na tiketi walizopewa. Timu ikafungiwa mashindano ya taifa ya 1990, na mwaka huo huo Valvano akaondoka. Fikiria, miaka saba tu baada ya kukimbia uwanjani akitafuta wa kukumbatia. Halafu saratani ikamshika. Februari 1993 alirudi kwenye uwanja wao wa zamani, Reynolds, timu ya 1983 ilipotimiza miaka kumi. Alikuwa mgonjwa wazi. Aliwaambia watu kwamba vijana wale walimfundisha matumaini, kutokata tamaa, na upendo. Tarehe 4 Machi akatoa hotuba kwenye tuzo za ESPY, akatangaza wakfu wa kuchangia utafiti wa saratani, ambao mpaka leo unafanya kazi. Tarehe 28 Aprili akafariki, miaka 47. Lorenzo Charles naye alikufa Juni 2011 mjini Raleigh, akiendesha basi, kwa ajali.

Kuna filamu ya 2013 ambapo wale wachezaji, wazee sasa, wanakaa meza moja wanakula na kukumbushana. Wanacheka mpaka machozi. Lakini nafasi ya kocha iko wazi, na ya Charles pia, na kila mtu pale mezani anajua.

Mwaka wa 1983 hawakufika Ikulu ya Marekani kama mabingwa wanavyofanya siku hizi. Walienda Mei 2016, miaka 33 baadaye, na aliyewapokea ni Barack Obama, yule ambaye babake ni wa Kogelo kwetu Siaya. Nilipogundua hilo nilicheka peke yangu. Lakini tena, waliofika walikuwa pungufu.

Hapa ndipo napotofautiana na wanaosema kwamba mashabiki wa aina hii wanaishi zamani. Mzee wangu ni Gor Mahia damu. Alikuwa Kasarani mwaka wa 1987 Gor walipotoka sare 1-1 na Espérance, baada ya ile 2-2 ya Tunis, wakachukua kombe la Afrika kwa mabao ya ugenini. Ana marafiki zake wa siku ile. Nilipokuwa mdogo walikuwa wakikutana nyumbani wanajaa sebule, mpaka sisi watoto tunafukuzwa viti. Wanabishana nani alitoa pasi ipi, na kila mwaka pasi inakuwa ndefu zaidi. Desemba iliyopita walikuwa wanne. Hadithi ni ile ile, lakini sasa kuna sehemu wananyamaza, kwa sababu aliyekuwa akiisimulia sehemu hiyo tumemzika.

Kwa hivyo nikiona shabiki wa Raleigh anasimulia mara ya elfu moja mpira uliokuwa mfupi, sioni mtu aliyekwama. Naona mtu anayeita majina. Ukisema Charles aliudaka, Charles yuko. Ukiacha kusema, anabaki nambari kwenye ukuta wa chuo.

Lakini kuna sharti moja, na hili nawaambia mashabiki wa kila timu. Simulieni yote. Kuna wanaotaka 1983 iishie kwenye ule mpira wa mwisho, kila mtu mshindi, hakuna viatu vilivyouzwa, hakuna kufungiwa. Mimi nasema hapana. Ukikata ile sehemu chungu, Valvano anakuwa picha ya ukutani, na ile siku aliyorudi Reynolds akiwa mgonjwa, mbele ya watu wa chuo alichoondoka kwa aibu, wakamshangilia, inapoteza uzito wote. Walimpenda wakijua. Huo ndio upendo wenyewe, mengine ni kushangilia tu.

Vilevile kwa wazee wetu. Mwulize babako au mamako kuhusu timu yake, iwe Gor, AFC Leopards, au timu ya shule iliyofika mkoa ikapigwa fainali. Usimkatize ati ulishanisimulia. Mwulize waliokuwa naye ni akina nani na wako wapi leo. Rekodi kwa simu kama atakubali. Matokeo utayapata mahali popote. Nani alilia, nani alitembea kwa miguu kutoka uwanjani mpaka nyumbani kwa sababu pesa ya basi iliishia kwa tiketi, hayo yako kwa mtu mmoja tu, na hajaandika.

Haya wadau, ni zamu yenu. Timu gani kwenu haiishi kusimuliwa, na ni nani anayeisimulia vizuri kuliko wote?