Staa apigwa kiko feki London, babu amuumbua

Jamaa ni msanii mkubwa tu hapa Bongo, jina kapuni. Alipoenda kupiga shoo London, akaibukia soko moja la mitumba kumsakia babu yake zawadi: kiko cha Dunhill. Muuzaji akamwonyesha kidoti cheupe mdomoni mwa kiko, staa akatoa hela chap.

Kufika nyumbani, babu akakwangua kidoti kwa ukucha. Kikabanduka. Rangi tu!

"Mjukuu wangu, wamekupiga."

Babu akampa somo. Kidoti cha Dunhill halisi hakipakwi, kimezamishwa kwenye mdomo, upande wa juu. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa hiyo, kuonyesha juu ni wapi. Halafu soma mhuri kwenye mti wa kiko: herufi ziwe safi, na baada ya ENGLAND mara nyingi kuna tarakimu ndogo ya mwaka. Mdomo ukipwaya, huenda umechomolewa kwenye kiko kingine.

Hela haikumuuma staa. Kilichomuuma ni kumwona mzee aliyemlea akirudia kiko chake cha zamani, kilichofungwa uzi. Kile feki babu kakiweka kabatini: "Angalau ulinikumbuka."

Na wewe ulishapigwa nini cha feki? Funguka hapo chini.