Kilichomo kwenye CD

Nilipoanza ufundi wa kompyuta, CD za Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta, zilikuja kwa posta, bure, ndani ya bahasha za karatasi. Mradi wa Ubuntu aliuanzisha Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini mwaka 2004, na kampuni yake, Canonical, iligharamia hata kuzituma.

CD hubeba takriban MB 700. Kwa hiyo watengenezaji walichagua programu moja kwa kila kazi: OpenOffice ya kuandikia, Firefox ya intaneti, GIMP ya picha. Kilichokosa nafasi ulikipakua mwenyewe, nasi tulilipia intaneti kwa dakika. Lugha nyingi zilibaki nje. Hilo liliniuma, maana Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeshatoa Jambo OpenOffice, kwa Kiswahili kitupu.

Lililosumbua wateja zaidi ni MP3. Mtu anafungua taarabu yake, kinatokea kisanduku kwamba kodeki, yaani programu ya kuusoma muziki huo, haipo. Sababu ilikuwa hataza, lakini mteja angejuaje? Kwake kompyuta ilikuwa mbovu, akadai arudishiwe Windows.

Toleo la 10.04, mwaka 2010, liliiondoa GIMP. Hoja ilikuwa kwamba ni ya wataalamu na inakula nafasi. Sikukubali, na mpaka leo sikubali. Vijana waliokuwa wakitengeneza kadi za harusi mtaani waliijua kwa sababu waliikuta mle ndani. Hakuna aliyewafundisha kuitafuta. CD za posta zilikoma mwaka 2011. Mwaka uliofuata, toleo la 12.10 likapita ukubwa wa CD, tukahamia DVD na flashi. Nafasi ikapatikana, GIMP haikurudi.

Kisha mambo yakageuka kabisa. Toleo la 18.04 lilileta chaguo la usakinishaji mdogo, na kufikia 23.10 huo mdogo ndio ukawa wa kawaida. Ukibonyeza tu kuendelea, unapata kivinjari na vifaa vichache, LibreOffice, iliyorithi nafasi ya OpenOffice, haimo. Wanaona kila mtu atajipakulia anachotaka. Mwenye intaneti ya uhakika, sawa. Mwalimu anayenunua bando kwa simu yake je?

Na faili la kusakinishia 24.04 linazidi GB 5, LibreOffice ikiwa mle mle, inasubiri kuchaguliwa. Fundi mwenzangu, ukisakinisha kompyuta za shule, chagua orodha ndefu ya programu, na uongeze GIMP kabla mashine hazijatoka mikononi mwako.