Pampu Haina Shikamoo

Mashine ina utovu mmoja wa adabu: haimtambui mkubwa. Ofisini, meneja akikosea hesabu, karani huweza kuinamisha kichwa na waraka ukapita. Pampu haiinamishi kichwa. Beringi ikikaukiwa na grisi italia, na wa kwanza kuisikia si mhandisi mwenye gari, bali ni fundi wa zamu aliyekesha nayo.

Jambo hili ladhihirika mno baina ya Korogwe na Handeni. Handeni ni nchi ya ukame; kwa miaka mingi imetegemea bomba kuu lililojengwa katika miaka ya 1970, liyatoayo maji Mto Pangani, upande wa Korogwe, na kuyapandisha kwa nguvu za pampu. Mto huohuo huteremka hadi Hale, ambako mwaka 1964 ilizinduliwa mitambo ya umeme ya megawati 21, iliyozikwa chini ya ardhi. Huko chini, sikio la fundi lina thamani kuliko cheo.

Masikio hayo huzibwaje? Si kwa kiboko tena. Reli ya Wajerumani, iliyoanza Tanga mwaka 1893 na kufika Korogwe mwaka 1902, ilijengwa katika zama ambazo msimamizi hakuulizwa neno. Mwaka 1971 Mwongozo wa TANU ukawakataza viongozi majivuno na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda wakaushika kwelikweli, wengine wakawafungia mameneja nje ya lango, hata waliouandika wakashtuka na kuwazuia. (Yamkini hawakutazamia kwamba ungesomwa.)

Kilichobaki ni heshima, na hapo ndipo penye ugumu, kwani heshima ni jambo jema. Kijana wa Kizigua aliyelelewa kuamkia kabla ya kunena hawezi kumwambia mtu mzima kuwa amekosea. Atasema, “Mzee, labda tungeizima kidogo tukaitazama.” Mkubwa mwenye busara husikia kengele katika “labda” hiyo. Mwenye kiburi husikia woga, akapita. Baada ya wiki mota imeungua, kikao kinaitishwa kumtafuta mzembe, na aghalabu mzembe huyo huwa ni yuleyule aliyesema labda. Wenziwe waliokuwapo hujifunza somo ambalo halimo katika chuo chochote cha ufundi: kwamba kimya hakina adhabu.

Milimani juu ya Korogwe, Wasambaa walikuwa na kipimo chao cha utawala. Mfalme wa Kikilindi aliyekaa Vugha aliweza kuiponya nchi au kuiharibu, na wao waliyaita hayo kuzifya shi na kubana shi. Shahidi alikuwa mvua. Shahidi wa mhandisi mkuu huko Handeni ni ndoo. Bomba likikohoa hewa tupu, mwanamke aliyedamka alfajiri hajui nani alimkaripia nani. Ajualo ni kwamba leo atanunua maji kwa madumu.

Mwaka 2022 serikali ilitia saini mikataba ya maji ya miji 28, kwa mkopo wa India wa dola milioni 500, na Handeni na Korogwe zimo. Pampu mpya zina vipimo na taa nyekundu. Lakini taa hiyo itamwakia kijana peke yake, saa nane ya usiku, naye itambidi aamue kama ampigie simu mkubwa aliyelala, akikumbuka alivyojibiwa mara ya mwisho.