Kibodi na Maji ya Bamvua

Maparoni, kule delta ya Rufiji wilayani Kibiti, saa zetu huendeshwa na maji. Yanajaa mara mbili kwa siku, na kila kukicha huchelewa kama dakika 50. Anayesubiri maji yajae chombo kielee hakai mikono mitupu: husuka ukili, hurekebisha nyavu, sikio likiwa mtoni.

Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unapima kina na chumvi ya maji kando ya shamba la mpunga la bibi. Mpunga hupenda maji, ila si ya chumvi. Bamvua likiwa kubwa na mto ukiwa dhaifu, bahari hupanda mfereji. Bibi ana swali moja: "Mjukuu wangu, chumvi inaingia lini? Mbegu si za kuchezea."

Programu niliyorithi kwa aliyenitangulia, iliyoandikwa kwa Python, ilikuwa na uzi mmoja tu. Ilisoma kihisi kila dakika, na kila robo saa iliuliza kama kuna maelezo ya kuandika. Hapo ndipo ilipokwama. Amri ya input husimamisha uzi unaoiita mpaka Enter ibonyezwe; kabla ya hapo terminali huzishikilia herufi, programu haioni hata moja. Siku moja ya bamvua mdogo wangu aliandika "maji yana", akaitwa kupokea mtumbwi. Aliporudi, karibu saa nzima haikuwemo kwenye faili.

"Dada," aliniuliza, "maji yamepita hapa, mbona mashine haikuyaona?"

Nikagawa kazi. Uzi mkuu unasubiri kibodi. Uzi wa pili unasoma kihisi. Anayeandika akibonyeza Enter, maneno yake huingia kwenye foleni, na uzi wa pili huyachukua kila zamu yake ikifika. Huo peke yake ndio unaogusa faili, kwa hiyo mistari haigongani. Hauchapishi chochote kwenye skrini, usije ukavuruga sentensi ya mtu iliyofika nusu.

Kuzima nako kuna adabu yake. Uzi wa nyuma ukikatwa ghafla, mstari wa mwisho unaweza kubaki nusu. Basi neno "acha" huinua bendera. Uzi wa pili huiona, humaliza kuandika, ndipo uzi mkuu unapofunga. Na kati ya vipimo haulali usingizi wa dakika nzima: unasubiri bendera hiyo kwa sekunde 60, ikiinuliwa unaamka papo hapo.

Bamvua lililofuata, mdogo wangu aliacha tena sentensi njiani. Safari hii faili lilikuwa na mstari wa kila dakika, na chumvi ikipanda humo hatua kwa hatua. Bamvua moja halitoshi kumwambia mtu apande lini. Nilimsomea bibi namba zote, naye akaniambia nisiizime mashine mpaka msimu uishe.