Benjamin wa Njiru

Kwenye mazishi ya Shosho kule Meru, mhubiri alisema sisi ni kabila lililopotea la Israeli. Si mababu walitoroka utumwa Mbwaa, na maji yakawapisha? Watu wakaitikia amina. Mimi naitwa Benjamin, jina la kabila kabisa. Nikavimba kichwa.

Ndani ya matatu, nikirudi Embu, nikalichimba hilo jina kwa simu. Kiebrania ni Binyamin: mwana wa mkono wa kulia. Likapitia Kigiriki na Kilatini, Waingereza wakalitia J yao, sisi tukalipata kwa ubatizo. Lakini hebu lisikilize: bin, halafu yamini, ule mkono unaoinuliwa kortini kula kiapo. Maneno hayo Kiswahili kiliyapata zamani kwa Waarabu, na hayakumfanya Mswahili kuwa Mwisraeli. Maneno husafiri bila damu.

Shosho mwenyewe hakuwahi kunitajia Israeli. Alisema waliovuka usiku ni Njiru, alfajiri Ntune, jua likishachomoza Njeru. Sisi tulivuka usiku. Benjamin nilipewa kanisani. Njiru nilipewa na yeye, jikoni, na sijaona mahali ilipopotea.