Kanda Hazikupotelea Jos

Kuna habari moja ya mwaka 2013 ambayo kila nikiirudia nacheka kidogo, halafu nakasirika kidogo. Mwingereza mmoja, Philip Morris, ambaye kazi yake ni kusaka vipindi vya zamani vya televisheni, alifika kwenye stoo ya kituo cha kurushia matangazo mjini Jos, Nigeria. Akapangusa vumbi kwenye mkebe wa filamu, akaona maneno Doctor Who. Katika mikebe ile kulikuwa na episodi tisa ambazo BBC yenyewe haikuwa nazo, za hadithi mbili zilizorushwa Uingereza kati ya Desemba 1967 na Machi 1968: The Enemy of the World na The Web of Fear.

Ilisimuliwa kama vile mtu ameokota pete ya dhahabu jalalani. Hazina ya Uingereza imepatikana Afrika, ona maajabu! Sasa ngoja kwanza. Zile episodi hazikupotelea Jos. Zilipotelea London. Jos ndiko zilikowekwa.

London walizifuta wenyewe, na hawakuwa na roho mbaya. Kanda za video za miaka ile zilikuwa pana, inchi mbili, na bei yake ilikuwa ya kuumiza. Ukishamaliza kurusha kipindi, kanda ileile ilirekodiwa kingine juu yake. Mikataba na waigizaji nayo ilizuia marudio mengi, na nani angedhani kuna siku mtu atataka kutazama kipindi cha watoto mara ya pili? Lakini kabla ya kufuta walikuwa wanatengeneza nakala za kuuza nje: kamera ya filamu ya milimita 16 inaelekezwa kwenye skrini, inapiga kipindi kinavyocheza. Nakala hizo zikasafiri. Nchi ikimaliza kuonyesha, ilitakiwa irudishe, iharibu, au ipitishie nchi nyingine. Kumbe duniani kuna watu wengi wasiofuata maagizo, na Mungu awabariki. Hong Kong hawakuyafuata, na The Tomb of the Cybermen ikarudi nyumbani nzima mwaka 1992. Nigeria hawakuyafuata.

Ninachokipenda zaidi kilitoka Australia. Huko wakaguzi wa filamu walikuwa wakikata vipande walivyoona vinatisha watoto. Mwaka 1996 vile vipande vilipatikana kwenye nyaraka za serikali, vimehifadhiwa vizuri. Kwa hivyo kuna episodi ambazo leo kilichobaki cha kutazama ni sekunde chache ambazo mtu fulani aliamua hazifai kutazamwa na yeyote. Sauti je? Sauti za episodi zote zilizopotea zipo, kwa sababu mashabiki, wengine wakiwa vijana wadogo tu, walikuwa wanarekodi wakiwa sebuleni kwao. Hakuna aliyewatuma, na nadhani wenye nyumba waliambiwa wanyamaze.

Hata rangi hurudi. Vipindi vingine vilitengenezwa kwa rangi lakini nakala iliyobaki ni ya nyeusi na nyeupe. Ukiitazama kwa karibu sana unaona vidoti vidogo, alama ya mawimbi ya rangi iliyoponyoka ikaingia kwenye filamu bila mtu kukusudia. Wataalamu waliandika programu ya kusoma vile vidoti, na mwaka 2008 episodi moja ya Dad's Army ikarushwa tena ikiwa na rangi zake.

Unaweza kuuliza, mse wa Nairobi anajulia wapi haya yote, tena ya kipindi ambacho hata hakipendi sana. Nina kanda moja ya VHS.

Mwaka 1993 kwaya ya kanisa letu ilionyeshwa kwenye kipindi cha Jumapili asubuhi. Mamangu alikuwa na miaka ishirini na ndiye aliyeongoza wimbo wa pili. Mjomba alikuwa na deki, wa kwanza pale mtaani, akarekodi. Mama alifariki 2002, mimi nikiwa na miaka minne. Picha zake ninazo. Sauti yake siikumbuki kabisa, hata nikijilazimisha. Kituo chenyewe nilikiandikia, nikajibiwa kwa upole kwamba kanda za miaka hiyo zilirekodiwa juu. Sentensi ileile ya London.

Kanda ya mjomba ilikaa kwenye sanduku la bati, chini ya kitanda cha shosho, nyumba inayovuja. Pembeni ina unga mweupe. Hiyo ni kuvu. Ukiisukuma hivyo kwenye deki, kuvu inaganda kwenye vichwa, mkanda unakwaruzwa, na pengine unakatika palepale. Binamu yangu alitaka tuicheze hivyohivyo siku ya ukumbusho, watu wote wakiwepo. Nilikataa, na tukakosana.

Nilimpelekea fundi mmoja wa Luthuli Avenue, mzee wa makamo anayetengeneza spika lakini hajasahau deki. Aliishika kanda kama yai.

"Nitaikausha, niipanguse kwa mkono, halafu niihamishe kwa kasha safi," akasema. "Inaweza kucheza mara moja tu. Hiyo mara moja lazima tuwe tunairekodi kwa kompyuta."

"Na ikikatika, mzee?"

"Ikikatika nitaunga. Lakini pale nitakapounga, hapo hutasikia kitu, kijana wangu."

Akanituma nikatafute kanda nyingine nzima, ya kutolewa kasha. Niliipata Gikomba kwa shilingi hamsini, kwenye rundo la rimoti na chaja. Imeandikwa kwa kalamu ya bluu: Harusi, 12/92. Hakuna majina.

Fundi alikuwa tayari ameshika bisibisi. Nikamwomba asubiri, airekodi hii kwanza kabla hajaifungua.

"Kwani ni watu wenu?"

"Hapana."

Akanitazama, akacheka, akaniambia hiyo ni pesa nyingine. Nikakubali, japo mwezi huu makala zilizolipwa ni mbili tu. Harusi imetoka safi, saa moja na nusu. Bibi harusi anacheka sana, na kuna mzee wa koti la kijivu anayependa kusimama mbele ya kamera. Kila ninayemwonyesha hawajui. Ya mama bado inakauka.